Malisho ya Ukutani

Kuna watu wakinuna, hununa siku mbili wakasahau. Mzee Masolwa hakuwa wa namna hiyo. Yeye alinuna kiangazi, masika yakaja yakamkuta amenuna, yakaondoka yakamwacha pale pale. Na aliyemnunia si jirani wala shemeji, ni mtoto wake wa kumzaa mwenyewe, Ambrosi, fundi wa rangi.

Kila Jumamosi Ambrosi alishuka stesheni ya Tabora kwa treni itokayo Urambo, na kabla hajafika kwake alipitia mtaa wa Ng'ambo kwa dada yake Pelagia, ambako mzee alikuwa akiishi. Angemkuta uani, kwenye kigoda, anachonga kijiti.

"Shikamoo, baba."

Mzee anachonga.

"Shikamoo, baba."

Mzee anachonga tu. Kisu hakiongezi mwendo wala hakipunguzi. Jamani, kunyimwa marahaba na baba yako mzazi si jambo dogo. Hata mwizi akikuamkia unamwitikia kwanza, ndipo unampigia kelele. Pelagia angetoka jikoni amejifanya hakusikia kitu, akamwekea kaka yake chakula peke yake pembeni, kwa kuwa mzee alishatamka mbele ya watu kwamba hatakula na mtu anayewaandika majina wale wanyama wa chuma.

Wanyama wenyewe ni makatapila na matrekta. Ulikuwa mwaka wa 1949, enzi za Mwingereza, na Wazungu walikuwa wamejaa Urambo kulima karanga. Si karanga za bibi yako za kutia kwenye kisamvu. Walitaka kulima kutoka macheo hadi machweo, wapeleke mafuta Ulaya, na kwa hiyo msitu ulipaswa kulala chini. Makatapila mawili yaliburuta mnyororo mmoja mnene katikati yao, na kila mti uliokutana na ule mnyororo ulikwenda na mizizi yake. Kila mashine ilihitaji namba ubavuni. Ambrosi alikuwa na mkono mzuri. Utotoni alifundishwa na Mabradha wa misheni kunakili sura za watakatifu, na mtu aliyeweza kuchora vidole vya Mtakatifu Yosefu hashindwi kuandika tisa. Basi yeye ndiye aliyeziandika namba, kwa rangi nyeupe, mkia wa tisa ameukunja vizuri.

Sasa, katika msitu ule, kando ya ile njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, ndimo Mzee Masolwa alimotundika mizinga yake. Baba yake alipita njia ile na pembe za ndovu begani, na aliporudi kutoka pwani mara ya mwisho akasema miguu imechoka, akatundika mzinga wa kwanza. Masolwa akaongeza wake. Alirina asali humo tangu ujana mpaka ndevu zikawa nyeupe, akamsomesha Ambrosi kwa nta. Halafu siku moja ule mnyororo ukapita. Mizinga ilianguka na miti yake, ikapasuka, asali ikaingia vumbini, nyuki wakawa wingu lisilojua pa kwenda. Na katapila lililotangulia lilikuwa na ile tisa ubavuni. Mzee hakujua kusoma, lakini mkono wa mwanawe aliujua.

Hiyo ndiyo sababu ya mnuno ule. Watu wote wa Ng'ambo waliijua hivyo, na Ambrosi naye aliijua hivyo, au tuseme alijilazimisha kuijua hivyo.

Alichokitaka Ambrosi kilikuwa kimoja. Alitaka radhi ya baba yake kabla mzee hajafumba macho. Hakuna Mnyamwezi, awe Mkatoliki wa kupokea kila Jumapili au mtu wa mizimu tu, anayethubutu kumzika baba aliyemnunia. Utazaa watoto wakuangalie vibaya. Utajenga nyumba isikae. Na mzee alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, kikohozi hakimwachi.

"Anaumwa nini?" Ambrosi alimwuliza dada yake.

"Haumwi kitu," Pelagia akasema. "Nimempeleka kwa daktari, nimempeleka kwa Bi Zeyana akamsomea, wote wanasema hana ugonjwa. Baba amezoea kutazama mbali. Hapa kwangu anatazama ukuta."

Kweli, ua wa Pelagia ulikuwa mdogo. Mbele ya kigoda cha mzee palikuwa na ukuta wa jirani, mpana, umepakwa chokaa, hauna hata dirisha. Mzee alichonga na kutazama chokaa, alichonga na kutazama chokaa.

Maneno ya Pelagia yalimganda Ambrosi kichwani mpaka Urambo. Na huko Urambo kulikuwa na Mzungu mmoja msimamizi wa karakana, ambaye vijana walimwita Bwana Mluzi kwa sababu hakuweza kufunga hata skrubu bila kupiga mluzi. Hakuwa mtu mbaya. Katika chumba chake cha mabati alitundika picha moja ya kuchapwa, imezungushiwa fremu, na mchwa walikuwa wameanza kuila pembe ya chini. Siku moja akamwita Ambrosi amtengenezee ile pembe.

Ambrosi alipoiona picha akasahau kuvua kofia. Ilikuwa nchi ya kijani kibichi, vilima vinateremka taratibu, mto mdogo, ng'ombe wekundu wamesimama majini hadi magotini wanakunywa, kijana mchungaji amelala ubavu na filimbi mdomoni, na nyuma kabisa kibanda cha nyasi chenye moshi mwembamba. Hakuna mtu aliyekuwa akifanya kazi katika picha ile. Hata ng'ombe walionekana wameshiba tangu jana.

"Hapa ndipo kwenu, Bwana?"

Bwana Mluzi alicheka. "Kwetu? Kwetu ni mji wa viwanda vya nguo. Moshi asubuhi, moshi jioni. Nikiwa mtoto sikujua kwamba kuta zina rangi nyingine zaidi ya nyeusi. Hii picha ni ya bibi yangu. Aliitundika jikoni, kando ya dirisha, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa kiwanda."

"Basi bibi ndiye aliyetoka huku kwenye ng'ombe."

"Yeye alisema wazee wake walitoka huko, kabla ya viwanda. Lakini mama yangu alikuwa akisema bibi hajawahi hata kumshika ng'ombe mkia." Bwana Mluzi akapiga mluzi kidogo. "Picha kama hizi zilikuwa kila nyumba, mtaa mzima. Kadiri moshi ulivyozidi ndivyo watu walivyonunua ng'ombe wa kutundika."

"Za kazi gani?"

"Ili tukila tutazame kitu kisicho ukuta."

Hapo hapo, brashi mkononi, Ambrosi akajua la kufanya. Alitengeneza ile pembe iliyoliwa, akaomba ruhusa ya kukaa na picha siku kadhaa aisome vizuri, akajifunza jinsi kilima kinavyokwenda nyuma ya kilima, jinsi maji yanavyong'aa bila kutiwa nyeupe nyingi. Bwana Mluzi alifurahi kupata mwenzake wa kuzungumza. Akamwambia, "Nchi hii nayo itakuwa hivi, utaona. Msitu ukiondoka, mbung'o wanaondoka. Mbung'o wakiondoka, mtafuga." Ambrosi akaitikia, "Ndiyo, Bwana," kama watu wanavyoitikia wakiwa na mawazo yao.

Akaomba mabaki ya rangi kwenye makopo. Kijani kilikuwa kingi, kile cha kupaka matrekta. Jumamosi iliyofuata akaja nacho Ng'ambo, akamwomba jirani ruhusa ya ukuta, akaanza.

Alichora Jumapili baada ya Jumapili, baada ya misa, suruali ameikunja. Mzee alikuwa pale pale kwenye kigoda, hatua chache nyuma ya mgongo wake, anachonga. Ambrosi alisikia kisu kikikwaruza mti. Alijisemea: leo atauliza ni nini. Leo ataguna japo kidogo. Vilima vikatokea ukutani, mto ukatokea, ng'ombe mmoja, wa pili, kundi zima, wekundu kwa udongo wa Tabora uliochanganywa na mafuta. Akamtia mchungaji na filimbi, akamtia kibanda. Ng'ambo nzima ikaja kuona. Wapita njia waliomba kuchungulia uani kwa Pelagia kana kwamba kuna harusi.

Bi Zeyana, mama wa Kiarabu wa nyumba ya tatu, ambaye ukoo wake ulikuja Tabora na biashara na haukuondoka tena, aliingia na mtandio wake, akasimama, akashika kifua. "Mashallah! Mashallah! Ambrosi mwanangu, hii si dunia, hii ni pepo. Angalia mto unavyopita chini. Nikifa wanipeleke hapo." Katekista aliyekuwa na kawaida ya kulalamikia kila kitu alisema ni mchungaji mwema yule, ila amekosa kondoo. Watoto walijaribu kuwalisha ng'ombe maganda ya ndizi.

Pelagia alitoka jikoni, mikono ina unga, akatazama muda mrefu. "Ni pazuri," akasema. "Ni wapi?"

"Ni kwetu," Ambrosi akasema. "Msituni kwetu."

Pelagia akautazama ukuta tena, akarudi kusonga ugali.

Siku picha ilipokwisha, Ambrosi alisogea kando, akafuta mikono, akasubiri. Mzee Masolwa aliinua macho. Alitazama kilima, akatazama mto, akawatazama ng'ombe mmoja mmoja. Kisha akasimama, akakishika kigoda chake, akakigeuza, akakaa akiupa ukuta kisogo. Akaendelea kuchonga huku ametazama mlango wa choo.

Ilimuuma Ambrosi. Nisiseme uongo, ilimuuma mpaka chakula cha Pelagia akakiacha. Heri angetukanwa. Heri mzee angechukua jembe akaubomoa ukuta wa watu, wangelipa, wakaelewana. Lakini kupendelea mlango wa choo! Alikwenda kwake hakuaga, na usingizi hakuupata.

Pelagia ndiye aliyechoka. Aliwaambia mashoga zake kisimani kwamba nyumba yake imekuwa kama ya matanga, watu wawili wanaomboleza kila mtu lake. "Maneno yamekufa kati ya hawa," akasema. "Na maneno yakifa, mwenye kuyafufua ni mmoja tu. Kesho namwita mtani."

Huenda huna mtani, nakuhurumia. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipoteremka pwani na mizigo, wakakutana nao njiani, wakapigana kidogo, wakapatana sana. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, akakutukana umbo, akakulilia msibani kwa vicheko, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukimnunia mtani, mkosaji ni wewe. Na lile ambalo ndugu hawawezi kuambiana, mtani husema au husemeshwa, likapita kwa njia hiyo bila kumvunja mtu.

Mtani wa nyumba ile alikuwa Shomari, Mzaramo mchochea moto wa treni, mfupi, mweusi wa makaa mpaka kwenye nyusi hata siku ya mapumziko. Alikuja Jumapili, Ambrosi akiwepo, na begani alikuwa na kamba ya katani.

"Hodi wenye ng'ombe!" akapiga kelele tangu nje. "Nimesikia wapagazi wangu wametajirika, wana kundi zima uani, na mtani hajatengewa hata ndama! Ni utu huo?"

Mzee Masolwa, bila kugeuka, ilimbidi ajibu. Mtani hanyamaziwi. "Mzaramo, njaa imekufukuza pwani ikakuleta mpaka huku?"

"Njaa na haki yangu, mtani." Shomari akaenda moja kwa moja ukutani, akapigilia msumari pembeni mwa pembe ya ng'ombe mkubwa kuliko wote, akafunga kamba, akaanza kuvuta, visigino ameviingiza mchangani, anatoa jasho kwelikweli. "Twende, weh! Twende! Lo, ng'ombe gani huyu mbishi? Amefugwa na nani? Amejifunza ubishi kwa mwenye nyumba!"

Pelagia alicheka mpaka akashika mlango. Watoto waliruka juu ya kiambaza cha ua. Na mzee, jamani, mzee alikohoa kikohozi ambacho ndani yake kulikuwa na kicheko. Akakigeuza kigoda.

"Mchukue," akasema. "Mchukue huyo, mchukue na wenzake wote. Wamesimama juu ya mizinga yangu."

Shomari alikuwa na akili. Hakuiacha kamba, ila aliacha kuvuta.

"Mizinga ipi, mtani? Mimi naona majani matupu."

"Ndiyo hayo. Wewe umepita nchi nzima kwa moto wa makaa. Umeona wapi majani ya namna hiyo penye miti? Pale alipotia mto ndipo ulipokuwa mti wa baba yangu, ule uitwao mtundu. Pale alipomlaza yule mvivu na filimbi, palikuwa na miyombo, imeshikana mpaka jua linaomba njia. Mwambie aliyechora hivi: Wazungu na minyororo yao walibakiza kona, kule kwenye makaburi. Yeye na brashi yake hakubakiza hata mche."

Shomari akamgeukia Ambrosi, ambaye alikuwa hatua tatu tu kutoka pale na alikuwa amesikia kila neno. "Aliyechora, unaambiwa hukubakiza hata mche."

Ambrosi aliutazama ukuta wake. Alijua kuchora malisho. Hakuwahi kujiuliza malisho yanatoka wapi. Ng'ombe wanataka majani, majani yanataka jua, na jua halifiki chini mpaka miti iwe imeondoka. Na kule kwao ng'ombe hawakuishi hata siku moja, kwa sababu ya mbung'o. Mtoto mdogo wa Urambo analijua hilo, naye alilijua, akalisahau kwa kupenda kilima cha watu. Alikuwa amekaa Jumapili zote zile akimchorea baba yake ndoto ya Bwana Mluzi. Alikuwa amemfyekea mzee msitu mara ya pili, tena mbele ya macho yake, na kujisifu juu. Uso ukamwaka moto kwa aibu.

"Mtani," akasema, "mwambie baba sikukusudia."

"Mzee, hakukusudia."

"Mtani, mwambie hata mnyororo haukukusudia."

"Mnaniona mimi posta?" Shomari akasema. "Posta hulipwa. Mimi nitalipwa ugali."

Ambrosi alikwenda kwenye makopo yake. Kijani kilikuwa kimekwisha chote, kimemalizwa na vilima. Akaingia jikoni kwa Pelagia, akakwangua masizi chini ya sufuria, akakusanya majivu, akachota udongo mwekundu na ule mweusi wa mtaroni, akachanganya kila kimoja kwenye kigae chake na mafuta yaliyobaki. Akarudi ukutani.

"Mtani," akasema bila kumtazama baba yake, "niulizie, ule mtundu wa babu ulisimama wapi hasa?"

"Mzee, mtundu wa baba yako ulisimama wapi?"

Mzee akasema, "Mwambie katikati ya mto wake."

Ambrosi akauziba mto. Akauinua mtundu kwa masizi na udongo, shina nene, matawi yamegawanyika chini. Ng'ombe wawili wakapotelea shinani. Bi Zeyana, aliyekuwa amechungulia kwa sababu ya zile kelele, akapiga ukelele. "Pepo yangu, mwanangu! Unaiziba!"

"Nyamaza, Bi Zeyana, mtoto anapanda miti," Pelagia akamwambia.

Ikawa hivyo mchana kutwa. Mkola hapa. Mninga pale, umeinama kidogo kwa sababu ya upepo wa mwaka fulani. Kila mti ulipita kwa mdomo wa Shomari kabla haujafika ukutani, na Shomari kila mara alitia chumvi yake. Ng'ombe walizidi kwisha. Alipofika kwa yule mkubwa mwenye kamba, Shomari alisimama mbele yake akapanua mikono.

"Huyu hafunikwi. Huyu ni wangu, nimeshamfunga."

"Mbung'o watamla," mzee akasema.

"Watamla wakila ukuta kwanza."

Basi akabaki ng'ombe mmoja mwekundu, amesimama kati ya miti kama mgeni aliyepotea, na msumari wake na kamba yake. Yuko hapo kwa haki ya utani na hakuna wa kumgusa.

Ambrosi alipoanza kuutundika mzinga wa kwanza kwenye mtundu, aliuweka juu ya tawi la kulia.

"Si hapo!" mzee akafoka. "Kushoto! Kulia kuna sisimizi, nimekuambia mara ngapi tangu u mtoto?"

Shomari alifungua kinywa ili apeleke ujumbe, akagundua umeshafika. Akajikuna kichwa, akatoka taratibu akaenda jikoni kudai ugali wake. Ambrosi hakugeuka, aliogopa. Aliufuta mzinga kwa kiganja, akauhamishia kushoto.

"Hapo," mzee akasema. "Sasa mwingine, chini yake. Mimi niweke juu, na mwenge wa moshi."

Akamweka mzee juu, mdogo, magoti yamekumbatia tawi, moshi unamzunguka. Mzee akasimama kutoka kigodani, akaja karibu mpaka pumzi yake ikamfikia Ambrosi shingoni.

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi simo, baba. Mimi ndiye ninayechora."

"Umewaweka nyuki, umemweka mpaka ng'ombe wa Mzaramo. Mwanangu uko wapi?"

Ambrosi akaona heri aseme. "Sistahili kuwamo. Niliandika zile namba."

Sauti ya mzee sasa haikuwa na ukali uliozoeleka.

"Namba, namba. Watu wote wananisemea namba. Mtu hula anapopata. Baba yangu alibeba pembe za ndovu za watu wengine, nani alimnunia? Sikukasirikia namba mimi. Siku ile ya mnyororo nilisimama kando ya njia, mwenge wangu mkononi, nyuki wamenijaa kichwani. Ukapita juu ya trekta na kopo lako la rangi. Nilikuita jina. Nilikuita mara ya pili. Ukapita, hukugeuka. Nikabaki nimeinua mkono kama mwehu."

Hili ndilo Ambrosi alilojilazimisha kutolijua. Alikuwa amesikia. Alisikia jina lake vizuri kabisa, juu ya ngurumo zote zile, akakaza shingo.

"Nilisikia, baba," akasema. "Niliona haya kukutazama."

"Najua. Jichore."

"Wapi?"

"Njiani, pale chini. Na usijichore mgongo."

Ambrosi alipiga magoti ukutani. Akachora njia ya misafara, ufito mwembamba wa udongo mwekundu kati ya miti, na juu yake mtu mmoja mdogo. Aliyeandika tisa bila kusita, aliyechora vidole vya watakatifu, safari hii alifuta, akachora, akafuta, machozi yanaingia kwenye rangi. Alimpa yule mtu miguu inayokwenda mbele na uso unaotazama nyuma, juu, kwenye ule mtundu. Kisha akaiacha brashi ianguke.

Mzee aliinama, mkono mmoja kiunoni, akautazama ule uso kwa muda.

"Pua umeikosea," akasema. "Hiyo ni ya wajomba zako. Lakini umegeuka."

Akamwekea kiganja kichwani, kiganja kizito, kimejaa makovu ya nyuki, akakiacha hapo.

"Radhi yangu unayo, Ambrosi. Ulikuwa nayo siku zote. Ila nilikuwa sina wa kumwambia. Nilikuwa na mgongo wako tu."